Usiku wa boti ghuba ya Mtwara: achaneni na mwezi mpevu, pangeni kwa maji

Bibo Bivu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Minada ya korosho ikishaanza kulipa, Mtwara inakuwa mji mwingine. Bodaboda wanabandika stika mpya, maduka ya simu yanajaa, na kila kundi la marafiki linatafuta pa kulia hela pasipo kurudi baa ileile yenye viti vilevile. Siku hizi wengi wanaangukia kwenye boti: mnakodi mashua ya injini, mnapakia spika, pweza na barafu, mnaingia ghubani jioni hadi usiku. Naona watu wanaulizana bei na namba za simu tu. Bei nitasema. Namba ya mtu siweki hadharani, nendeni Feri mkaulize, pale hakuna siri.

Lakini kilichonileta hasa ni hiki. Wengi mnachagua siku ya mwezi mpevu kwa ajili ya picha, na kwa boti ya usiku hapa kwetu hiyo ndiyo siku mbovu kuliko zote. Siku yake ni mwezi saba au mwezi nane, yaani siku ya saba au ya nane tangu mwezi uandame, siyo Julai wala Agosti.

Sisi tulikuwa watu 18, wengi tumesoma pamoja, wengine mashemeji na majirani wa Shangani na Ligula. Mimi ndiye niliyebebeshwa kazi ya kutafuta chombo. Nahodha niliyempata ni mzee wa Msangamkuu, kofia haimtoki kichwani, mchana mashua yake inabeba kuni, samaki na watu. Nikampelekea tarehe yetu, Jumamosi, mwezi umekamilika. Hakuuliza tuko wangapi wala tunataka mziki gani. Alihesabu kwenye vidole, halafu akasema: "Saa nne usiku mtashuka mmebeba viatu kichwani."

Hesabu yake ndiyo hii. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari inakuwa na bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Pwani yetu hii siku za bamvua maji yanajaa saa kumi jioni hivi, yanapwa saa nne usiku, yanajaa tena alfajiri. Na yakipwa yanapwa kwelikweli, kati ya kujaa na kupwa panapita mita tatu. Kwa hiyo mnapanda boti jioni kwa raha, maji yamefika kwenye ngazi, mnapiga selfi. Saa nne mnarudi, ufuo umekwenda mbali, mbele yenu ni tope, mwani na mawe yenye miiba ya bahari, na boti haisogei. Hapo mnachagua: kutembea gizani na nguo za sherehe, au kukaa majini mpaka kama saa saba, nane, maji yapande.

Sasa kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Ukifika mwezi saba na nane mambo yamegeuka: yanapwa saa kumi jioni, yanajaa saa nne usiku. Tena hayo ni maji mafu, hata yakipwa hayaendi mbali. Na mwezi wenyewe, ule nusu, jua linapozama uko juu ya utosi, unawamulika hadi karibu saa sita ndipo uzame. Mwanga mnao, na maji mnayo wakati wa kushuka. Kuna mtu atasema mwezi ishirini na mbili nako ni maji mafu. Ni kweli, ila mwezi huo unachomoza usiku wa manane, mtacheza gizani.

Tukahamisha tarehe. Wawili walinuna.

Naendelea chini, ngoja nile.

Kaa la Moto

Naweka kambi hapa. Ila uzi bila picha ni chai, mkuu.

Bibo Bivu

Picha zina sura za watu, na kuna waliowaaga nyumbani kwamba wanakwenda semina Masasi. Kunywa chai yako taratibu.

Masaki Kwetu

Mleta mada samahani, ila hiyo siyo boti pati, hiyo ni kuvuka kwenda kijijini na spika. Sisi Dar unapanda chombo cha ghorofa mbili, DJ yuko juu, bafe chini, mnazunguka Bongoyo na Mbudya huku taa za mji zinawaka.

Bibo Bivu

Hongera mkuu. Huku ghorofa hakuna. Ila bahari ya kwetu ilitengenezwa vizuri kuliko yenu, usikasirike. Ghuba ya Mtwara ina kina kirefu mpaka karibu na nchi kavu. Waingereza walijenga bandari hapa kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga wa baada ya vita kuu ya pili, karanga zikagoma, kina kikabaki. Rasi ya Msangamkuu imelala mbele ya mlango kama mkono, kwa hiyo nje kunaweza kuwa na mawimbi lakini ndani mnashika glasi bila kumwaga. Nyie mkitoka pale Masaki kusi likiwa limekaza, nusu ya bafe inaliwa na samaki.

Haya, nirudi kwenye safari.

Tuliondoka baada ya Magharibi. Hilo lilikuwa sharti la nahodha, na mabaharia wake wawili waliswali pale pale ufuoni sisi tukipakia. Sharti la pili, kila mtu avae jaketi okozi kabla injini haijawashwa, siyo kuliweka chini ya kiti. Dada zetu waliokuwa wamepiga magauni ya kumeta walilalamika kweli. Yule mzee akakaa juu ya ngazi, akawasha sigara. Alikuwa tayari kumaliza pakiti. Wakavaa.

Sharti la tatu ndilo lililozua mabishano: hakuna jenereta. Tulikuwa tumeshakodi kajenereta kadogo kwa ajili ya spika kubwa na taa za rangi. Akasema petroli, jiko la mkaa na mbao zilizopakwa mafuta haviwezi kukaa chombo kimoja. Tukaliacha kwa muuza samaki. Tukabaki na spika mbili za kuchaji na taa za betri, na niwaambie ukweli, zilitosha. Sauti majini inakwenda mbali, haina ukuta wa kugonga. Spika ambayo sebuleni unaiona ndogo, kule inasikika mpaka ng'ambo.

Jiko lenyewe aliruhusu, ila aliliweka yeye. Karai pana, mchanga umejaa nusu, jiko limezamishwa ndani ya mchanga, pembeni ndoo ya maji ya bahari. Likawekwa upande ambao upepo unatupa cheche nje. Hapo shemeji yetu mmoja akawa mfalme wa usiku. Pweza alikuwa ameshapigwa na kuchemshwa nyumbani, pale ni kumpitisha motoni tu, kumkata vipande, kumtia ndimu, chumvi na pilipili. Changu wawili wakubwa, mihogo, chachandu ya ukwaju, na mtu mmoja alikuja na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha kwenye kapu, ikaisha kabla ya samaki. Mgeni wetu kutoka Arusha alikuwa hajawahi kuiona, akauliza kama inamenywa. Alikula mpaka akaacha kuuliza.

Dada wa Chuno

Kaka, mimi nina swali moja tu na naona wanaume wote mnaliruka. Choo?

Bibo Bivu

Dada yangu, hili ndilo swali la maana kuliko bei. Mashua haina choo. Wanaume wanaona hakuna tatizo, wanasogea tezi, nyuma huko, wanamaliza. Kina dada wakijua hakuna choo wanafanya kitu kibaya zaidi, hawanywi maji tangu mchana, halafu wanakunywa bia. Wa hivyo ndio wanaozimia.

Kwetu kulikuwa na mambo mawili. Kwanza, ratiba. Tulikubaliana na nahodha kwamba hatukai majini mfululizo, tunateremka ufuo wa Msangamkuu kama saa mbili kwa muda wa kutosha. Kule tuliongea mapema na wenyeji, mama mmoja akatufungulia choo cha nyumbani kwake, tukamlipa vizuri. Pili, wifi yetu mmoja alikuja na kanga nne, pini za nguo, kamba na ndoo yenye mfuniko. Nyuma kabisa wakafunga pazia. Kanga ile ilikuwa na maneno makubwa yanatazama upande wetu, siyaandiki hapa, lakini kila mtu aliyepita aliyasoma kwa sauti na boti nzima ikacheka. Kazi ilifanyika. Mabaharia waliambiwa watazame mbele, wakatazama mbele.

Kundi lenu likiwa na wanawake na mpangaji hajasema lolote kuhusu choo, msitoe mchango.

Dada wa Chuno

Asante kwa kutonikwepa. Kanga nne, pini, ndoo. Nimeandika.

Mvuvi Mstaafu

Vijana, hamjambo. Mleta mada umesema vizuri kuhusu maji, umefunzwa na mtu anayejua. Niongeze la kwangu.

Chombo hakizami kwa sababu ya mziki. Kinazama kwa sababu watu wote wamekimbilia upande mmoja. Mtu amepiga kelele "pomboo!" au mtu anapiga picha ya pamoja, watu 18 wanahamia ubavu mmoja, na chombo ni chepesi, hakina mzigo chini. Kile kivuko cha MV Nyerere, Septemba 2018 huko Ukara, kilipinduka kikiwa kimekaribia gati kabisa. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, kilibeba zaidi ya hao mara mbili, na waliokufa walipita 200. Walikuwa wanaiona nchi kavu. Watu wanadhani hatari iko mbali kwenye maji makuu, wakikaribia kufika wanasimama wote.

Muulizeni nahodha cheti cha ukaguzi cha TASAC, wale wa serikali wanaosimamia vyombo vya majini, na idadi ya watu anaoruhusiwa. Asipotaka kuonyesha, msibishane, ondokeni tu. Na idadi hiyo ni ya watu waliokaa. Wanaocheza wahesabuni zaidi.

Msitoke nje ya mlango wa ghuba usiku. Maji yanapobadilika pale mkondo unavuta, na hiyo ndiyo njia ya meli.

Bibo Bivu

Mzee wangu, shikamoo. Hayo ya kuhamia upande mmoja tuliyaona. Nahodha aliwagawa watu tangu mwanzo, wanene huku, wanene kule, hakuona haya kabisa, akasema ukitaka kucheza chezea mahali ulipopangiwa. Picha ya pamoja alikataa tukiwa majini, tulipigia ufuoni. Na njia ya meli hakukubali kuisogelea. Sisi tulitaka tutie nanga mahali ambapo taa za bandari zinaonekana zote, kulikuwa na meli imeegeshwa inawaka kama mtaa mzima. Akasema hapo siyo pa kulala, akatupeleka upande wa Msangamkuu penye mchanga.

Mvuvi Mstaafu

Marahaba. Huyo mshikeni.

Ustadhi wa Mikindani

Assalaam alaykum. Mimi sina shida na vijana kutembea baharini. Nina shida na mambo mawili. Chombo ambacho asubuhi kinapandwa na mama zetu na watoto wa shule, usiku mnamwagia pombe. Na mziki. Umesema mwenyewe sauti inafika ng'ambo. Ng'ambo kuna watu wamelala, kuna wagonjwa, kuna misikiti. Mwaka jana kundi moja lilikuja mpaka ghuba yetu ya Mikindani, singeli saa sita usiku chini ya mji wa mawe. Livingstone alipita hapa 1866 na msafara mzima, sidhani kama alipiga kelele hivyo.

Bibo Bivu

Waalaykum salaam ustadhi. Sikatai hata moja.

Pombe: nahodha hakukataza ila aliweka mpaka. Anayekunywa hakai tezi karibu na usukani, hateremki majini kuogelea, na chupa haitupwi baharini. Walioleta uraka, pombe ya mabibo, waliambiwa waunywe kwa vikombe, siyo kwa galoni. Kuna mmoja alikuja na nipa, ile gongo ya mabibo, kwenye chupa ya maji, baharia akainusa akairudisha nchi kavu kabla hatujaondoka, na mwenye nayo akafanya kana kwamba haimhusu. Tulipomaliza, vijana wetu walifagia na kumwaga maji, sakafu ikabaki nyeupe. Hilo nadhani ni wajibu, mwenye boti asilazimike kuliomba.

Mziki: tulizungumza na mwenyekiti wa kijiji mchana wake. Akasema saa tatu na nusu iwe imeshuka, saa nne izimwe. Na kwa kuwa maji yenyewe yalikuwa yanatuita saa nne, haikuwa vigumu. Hilo ndilo jambo jingine zuri la mwezi nane, sherehe inaisha yenyewe kabla watu hawajaanza kugombana.

Mikindani usiku na spika, hapana. Nakuunga mkono.

Kijana wa Kitunda

Mtwara mnajisifu kama bahari iko kwenu tu. Huku Lindi nasi tunavuka Kitunda, tunakaa ng'ambo tunatazama taa za mji, tunarudi. Ila ghuba yetu inapokea mto Lukuledi, ina matope, kwa hiyo hilo la bamvua usiseme. Sisi tuliyaona.

Kundi letu lilikwenda mwezi mpevu. Mpangaji alikuwa mtu wa kazini kwetu, anapenda picha. Ilikuwa nzuri hadi saa tatu, kisha tukaanza kusikia chini kitu kinakwaruza. Nahodha alikuwa kijana, tena amekodiwa na mwenye chombo siku ileile. Kufika saa nne tumekaa juu ya tope, chombo kimelala ubavu kidogo, soda zinateleza. Mwanamke mmoja alishuka na viatu virefu, kimoja mpaka leo kiko kule. Tulikaa mpaka karibu saa nane. Spika ilizima saa tano. Mbu wa kwenye mikoko wakafanya sherehe yao.

Sasa nikisoma hesabu ya mleta mada naona kila kitu kilikuwa kimepangwa kimbele, ila sisi hatukujua kusoma.

Kaa la Moto

Viatu virefu kwenye mashua, jamani Lindi.

Kijana wa Kitunda

Alikuwa bi harusi mtarajiwa, mkuu, muheshimu.

Masaki Kwetu

Sawa nimepoa kidogo. Bei?

Bibo Bivu

Kila mtu alitoa 35,000. Boti pamoja na mafuta na mabaharia ilichukua 350,000. Chakula, soda, maji na barafu 180,000. Spika, taa na jaketi za kuongezea 60,000, kwa sababu zake zilikuwa hazitoshi wote na nahodha hakukubali pungufu. Iliyobaki, 40,000, ilikwenda kwa mama wa choo na mabaharia. Bia kila mtu alijibebea. Hii ni bei ya kwetu siku ile, na sisi tulikuwa na mtu anayejuana na mzee. Msimu wa korosho bei inapanda kwa kila kitu kuanzia nyanya, kwa hiyo msiende mkanishikia uzi huu kama risiti.

Ushauri wangu kwenye hela ni mmoja, kusanyeni yote kabla. Mchango wa kulipia ufuoni haujawahi kutimia tangu dunia iumbwe. Na anayeshika hela asiwe ndiye anayechagua mziki, atashawishiwa.

Dada wa Chuno

Mziki ulikuwaje? Umetuambia choo na bamvua, raha yenyewe hujaisema.

Bibo Bivu

Haya.

Tulianza kwa amapiano, watu wakajifanya wa mjini. Baada ya pweza wa kwanza mtu akaweka singeli, na hapo ndipo nilipoona kwa nini mzee aliwagawa watu kwa uzito. Huwezi kucheza singeli umekaa, lakini kuna waliojaribu. Shemeji wa jikoni alikuwa anachezesha mabega tu huku anapepea mkaa. Halafu kina dada wakaipokonya simu wakaweka taarabu, na kumbe nahodha alikuwa anaingojea hiyo. Alikuwa ameshika usukani kwa mguu, mikono inapiga makofi, anaitikia viitikio vyote bila kukosea.

Ufuoni Msangamkuu tulikaa, tukala samaki, watoto wa pale walitujia kutazama taa za rangi mpaka bibi yao akawafuata na fimbo. Maji yalikuwa yanapanda polepole, kila mara tunasogeza mikeka. Wifi alikuwa anasuuza sufuria upande wa kivuli cha boti, akaita. Kila akitikisa mkono ndani ya maji zilitoka cheche za kijani, zinawaka zinazima. Tukateremka karibu wote, tunachota, tunamwaga. Mgeni wa Arusha alidhani ni umeme wa boti unavuja. Baharia akamwambia ni vidudu vya baharini, vidogo huvioni, vikiguswa vinawaka, wavuvi wa usiku wanawaona samaki kwa mwanga huo. Simu hazikushika picha hata moja ya maana.

Kurudi, upepo ulikuwa mwanana, mzee akazima injini akapandisha tanga. Tulidhani mafuta yameisha. Akasema mmelipa mafuta, lakini hii nawapa bure. Walioshiba walilala pale pale, wengine waliendelea kuimba bila spika. Saa nne na dakika chache tukagusa ufuo wa Shangani, maji yamejaa, tukashuka mmoja mmoja kwenye ubao, viatu miguuni. Mtu mmoja tu alilowa, naye ni yule wa nipa.

Ustadhi wa Mikindani

Hapo mwisho umenichekesha, nakiri.

Kaa la Moto

Kuna watu wanatapika hata kwenye pantoni ya Msangamkuu. Sisi tufanyeje?

Bibo Bivu

Kula chakula kikavu mapema, mihogo au mkate, usiende na tumbo tupu wala usilijaze. Tafuna tangawizi. Kaa katikati ya chombo mbali na moshi wa injini, tazama taa za nchi kavu, usitazame simu. Kwetu walioshindwa ni wawili na wote walikuwa wanahariri video.

Mvuvi Mstaafu

Na kabla ya yote, sikilizeni TMA, watu wa hali ya hewa. Wakisema upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 pwani ya Lindi na Mtwara, mnaahirisha, hata kama mmeshanunua pweza. Pweza analika nyumbani. Juni mpaka Agosti kusi linakaza, msijaribu. Novemba ni nzuri kwa kuwa kusi limekwisha na kaskazi haijashika vizuri. Machi mwishoni na Aprili bahari inaweza kuwa shwari vilevile, lakini huo ni msimu wa mvua na wa vimbunga. Kenneth ilitua jirani zetu ng'ambo ya Ruvuma Aprili 2019. Na Lindi wazee wanakumbuka Aprili 1952.

Kijana wa Kitunda

Kweli mzee, bibi yangu anahesabia umri wa watu kwa kimbunga hicho. "Huyu kazaliwa kabla ya kimbunga."

Dada wa Chuno

Kaka Bibo, lini tena? Na safari hii pazia naleta mimi.

Bibo Bivu

Mzee ametupa mwezi nane ujao. Nimepiga hesabu, inaangukia Jumatano. Wameshaanza kunipigia simu nihamishie Jumamosi, nimewaambia Jumamosi maji yatajaa saa saba usiku, anayetaka abaki na mbu. Zimebaki nafasi tano, hela kabla ya siku tatu, jaketi lazima, viatu virefu marufuku.

Masaki Kwetu

Nitakuwa Mtwara kikazi wiki hiyo. Niwekeeni moja, nitalipa leo.

Kaa la Moto

Jumatano nina zamu ya usiku. Kuna mtu wa kiwandani humu abadilishane na mimi? Nampa Jumamosi yangu yote.